Ekspresi ya Kigoma na Miji Inayorukwa

Neno "ekspresi" limeandikwa kwenye mabasi mengi nchini, na sisi watu wa Kigoma huwa tunalisoma huku tunacheka kidogo. Kutoka Dar es Salaam hadi huku ni zaidi ya kilomita 1,200. Haraka gani hiyo? Ila ukiifuatilia historia ya njia hii, unaona kwamba maana kubwa ya ekspresi ni kutosimama. Na kila chombo kilipoacha kusimama mahali, kuna watu pale walioingia hasara.

Tuanze na miguu. Burton na Speke walitoka pwani katikati ya mwaka 1857, wakafika Ujiji Februari 1858. Stanley aliondoka Bagamoyo Machi 1871, akamkuta Livingstone Ujiji Novemba. Safari zote mbili alikuwemo Sidi Mubarak Bombay, ingawa vitabu vilivyouzwa London vilibeba majina ya wengine. Msafara ulikwenda kwa mwendo wa mpagazi na mzigo wake. Ulilazimika kulala, kununua chakula, kuwalipa watemi hongo. Tabora na Ujiji zilinenepa kwa namna hiyo. Tusiipambe lakini: njia hiyohiyo ilipitisha watumwa kwenye minyororo, na hao hakuna aliyewauliza kama wanataka kusafiri.

Mwaka 1914 reli ya Wajerumani ikafika ziwani. Haikuishia Ujiji, mji wenye soko na jina. Iliishia Kigoma, kwenye ghuba yenye kina cha kutosha kwa meli. Kati ya miji hiyo miwili ni kilomita chache tu, leo unapanda daladala na hujamaliza hata stori moja umefika. Lakini zilitosha. Bandari, stesheni na ofisi zikawa Kigoma. Ujiji iliyokuwa mwisho wa safari ikawa pembeni ya safari.

Hata hivyo treni yenyewe ilijua kusimama. Nimeipanda nikiwa mwanafunzi, siku mbili njiani, na chakula karibu chote tulinunua dirishani. Uvinza unakuta chumvi, Tabora asali, Saranda kuku. Mama muuza ndizi wa stesheni ndogo aliijua ratiba kuliko karani, kwa sababu ada ya shule ya wanawe ilitoka kwenye zile dakika chache.

Ziwani ilikuwa hivyohivyo. Liemba, meli ya Wajerumani iliyounganishwa Kigoma, ikazamishwa na wenyewe mwaka 1916 na kurudi kazini chini ya Waingereza mwaka 1927, kwa miaka mingi ilishuka hadi Mpulungu, Zambia, ikisimama kijiji baada ya kijiji. Pengi hapakuwa na gati. Mitumbwi ndiyo iliyoifuata majini, na watu, magunia ya dagaa na madumu ya mawese vikapandishwa hukohuko.

Halafu lami ikasogea, na basi likachukua abiria. Hapa serikali nayo ilikuwa na neno. Miaka ya 1990, kwa sababu ya ajali, mabasi yalikatazwa kusafiri usiku. Kwa njia ndefu kama yetu, maana yake ilikuwa kulala njiani, wengine kwenye viti vyao, wengine gesti. Abiria tulilalamika sana, na tulikuwa na haki. Lakini miji ya njiani ilipika usiku huo: mama lishe, wauza chai, wenye gesti, vijana wa mizigo. Oktoba 2023 safari za usiku zikaruhusiwa tena. Mimi nilifurahi kama wengine, maana mgonjwa anayepelekwa Muhimbili hana usiku wa kupoteza. Ila ile sahani ya saa nne usiku haina tena mteja, na sijasikia mtu akiizungumzia.

Sasa inakuja reli ya kisasa. Mkataba wa kipande cha Tabora hadi Kigoma, kilomita 506, ulisainiwa Desemba 2022. Kila mtu anauliza tutatumia saa ngapi. Swali zuri. Ujiji ingekuwa na mdomo, nadhani ingeongeza la pili, ambalo linafaa kuulizwa mapema, kabla zege halijakauka: itasimama wapi?