Linux yaonyesha kioo cheusi? Pakua deskitopu mjini, iweke mlimani

Kompyuta yenye Linux inaweza kuwaka vizuri halafu ikaishia kwenye kioo cheusi chenye maandishi meupe tu. Haijaharibika. Haina deskitopu, yaani programu zinazoleta madirisha, menyu na kishale cha mausi.

Watu wengi hukutana na hali hii kwa sababu ya bando. Faili la Ubuntu Desktop 24.04 linakaribia GB 6, wakati faili dogo la Debian, netinst, halifiki hata GB 1. Mtu anachukua dogo, anaweka mfumo bila deskitopu, kisha anakwama.

Ukiwa Morogoro mjini, kwenye Wi-Fi ya chuo au ofisi, deskitopu inapakuliwa bila presha. Ukiwa juu Uluguru, Mgeta au Kinole, bando la simu linaweza kuisha katikati ya kazi. Dawa ni kuigawa kazi mara mbili.

Chagua iliyo nyepesi
GNOME inapendeza, lakini Ubuntu 24.04 inayoitumia inataka RAM ya GB 4. Kwa mashine ya zamani Xfce inafaa zaidi. Ilianzishwa mwaka 1996 na Olivier Fourdan na inasifika kwa wepesi.

Mjini: pakua tu
Unganisha intaneti, kisha andika:

sudo apt update
sudo apt install -d xfce4 lightdm firefox-esr

Herufi -d inaiambia kompyuta ipakue bila kusakinisha. Kabla ya kuanza, itataja MB zitakazopakuliwa na nafasi itakayohitajika kwenye diski. Ukiona ni nyingi mno, bonyeza n. Ukiridhika, bonyeza y.

Debian ikisema haiijui sudo, andika su - kwanza, weka nywila ya root, kisha toa amri bila neno sudo. Kwenye Ubuntu Server, badala ya majina hayo matatu andika xubuntu-core.

Mafaili hukaa /var/cache/apt/archives. Usiandike apt clean, maana itayafuta yote.

Nyumbani: sakinisha
Usirudie apt update. Inaweza kuleta orodha mpya na kudai upakuaji mwingine. Andika amri ileile bila -d:

sudo apt install xfce4 lightdm firefox-esr

Bando halitumiki, kwa kuwa mafaili yapo tayari. Ukiulizwa uchague programu ya kuingilia, chagua lightdm. Mwisho andika sudo reboot. Kompyuta itawaka na ukurasa wa kuweka jina na nywila.

Umeme ukikatika
Laptopu iwe na chaji ya kutosha kabla ya kuanza. Kompyuta ya mezani ikizimika katikati, usifute mfumo mzima. Iwashe, kisha andika:

sudo dpkg --configure -a
sudo apt install -f

Amri ya kwanza inamalizia kilichoachwa njiani, ya pili inarekebisha kilichopungua. Baada ya hapo rudia ile ya kusakinisha.

Kwa nini ujisumbue?
Microsoft ilisitisha huduma ya kawaida kwa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na kompyuta nyingi za zamani hazikubali Windows 11. Linux haidai leseni. Mashine iliyokuwa inasubiri kuuzwa kama chuma chakavu bado inaweza kuandikia ripoti, kutunzia hesabu za duka au kufundishia watoto kompyuta.