Ardhi, Kalamu na Ulimi: Uvamizi wa Wanormani na Hatima ya Fasihi ya Kiingereza cha Kale

Athari za uvamizi wa Wanormani nchini Uingereza mwaka 1066 aghalabu huelezwa kwa orodha ya maneno ya mkopo. Huambiwa kuwa mkulima aliyeshindwa alibaki na neno "ox" malishoni, naye bwana mshindi akala "beef" mezani. Mfano huo, ulioenezwa na Walter Scott katika riwaya yake Ivanhoe (1819), unavutia, lakini unafunika jambo zito zaidi. Makala haya yanadai kwamba uvamizi ule haukuua lugha ya wenyeji. Uliwaondoa wafadhili wa maandishi yake. Kilichovunjika ni kalamu, si ulimi.

Chanzo chake ni ardhi. Mfalme Harold aliuawa karibu na Hastings tarehe 14 Oktoba 1066, na William, Mtawala wa Normandy, akatawazwa Westminster siku ya Krismasi. Maasi yaliyofuata yalizimwa kikatili: katika majira ya baridi ya 1069 hadi 1070, mazao na vijiji vya kaskazini viliteketezwa, na njaa ikaua wengi. Kila uasi ulimpa mfalme sababu ya kutwaa mashamba na kuwagawia wafuasi wake. Ukaguzi wa mali wa mwaka 1086, uliohifadhiwa katika Domesday Book, unaonyesha kwamba mabwana wakubwa wa Kiingereza walikuwa karibu wametoweka.

Kanisa nalo halikusazwa. Mwaka 1070 Stigand aliondolewa katika uaskofu mkuu wa Canterbury, na nafasi yake ikachukuliwa na Lanfranc, Mwitalia aliyekuwa mtawa katika monasteri za Normandy. Hati za kifalme zilizokuwa zikiandikwa kwa Kiingereza zikahamia Kilatini. Ikumbukwe kwamba Kiingereza cha Kale kilikuwa na hazina adimu katika Ulaya ya wakati huo: nathari iliyokaribia usanifu, iliyotumika katika sheria, mahubiri na kumbukumbu za matukio ya kila mwaka. Kumbukumbu hizo ziliendelezwa kwa muda mrefu zaidi huko Peterborough, nazo zikakoma na habari za mwaka 1154.

Worcester ndipo tunapouona mvunjiko huu kwa uwazi zaidi. Askofu wake Mwingereza, Wulfstan, aliachiwa cheo hadi alipofariki mwaka 1095, na hati za kale zikaendelea kunakiliwa. Hata hivyo, katika karne ya 13 mwandishi mmoja, ambaye wataalamu humtambua kwa mwandiko wake wenye kutetemeka tu, alizipitia hati hizo akiandika maana za maneno kwa Kilatini. Nathari ya wahenga wake ilikuwa imegeuka kitu cha kufasiriwa. Lakini katika jimbo hilohilo, takriban zama hizo, kasisi Layamon alitunga Brut, utenzi wa mistari ipatayo 16,000. Kisa alikitoa katika kazi ya Kifaransa ya Wace; lugha yake ina maneno machache mno ya Kifaransa, na takriri ya sauti za mwanzo wa maneno inarudisha mwangwi wa ushairi wa kale. Mmoja anafukua kaburi la maandishi. Mwingine anaimba kwa ulimi ulio hai.

Kiingereza kilirejea polepole, hasa baada ya wafalme kuipoteza Normandy mwaka 1204. Sheria ya 1362 iliamuru kesi ziendeshwe kwa Kiingereza, ingawa sheria yenyewe iliandikwa kwa Kifaransa. Chaucer, aliyefariki mwaka 1400, alitunga kwa lugha ya wenyeji, ila kwa vina na mizani aliyojifunza kwa Wafaransa na Waitalia.

Mhakiki wa Kiswahili ana mawili ya kuzingatia hapa. Kwanza, wingi wa maneno ya mkopo haukukitoa Kiingereza katika ukoo wa Kijerumani, sawa na jinsi msamiati wa Kiarabu usivyokitoa Kiswahili katika ukoo wa Kibantu. Pili, nalo ndilo zito, wingi wa wasemaji si dhamana ya fasihi andishi. Lugha huweza kuzungumzwa na taifa zima huku maandishi yake yakikosa shule, mnakili na msomaji.