Kutoka Ustawi wa Jamii hadi Saikolojia Tiba: Njia na Masharti Yake

Afisa ustawi wa jamii na mwanasaikolojia huweza kumhudumia mwananchi mmoja, katika jengo moja, siku moja, lakini kazi zao ni mbili. Mtumishi wa ustawi wa jamii anayetaka kuhamia saikolojia anapaswa kulielewa hilo kwanza, kwa kuwa uzoefu wa kazi, hata ukiwa wa miaka mingi, haugeuki kuwa leseni.

Kwa wakazi wa Kanda ya Kati, mfano wa karibu ni Hospitali ya Taifa ya Afya ya Akili Mirembe, jijini Dodoma, iliyoanzishwa mwaka 1927. Taasisi ya Isanga, iliyo chini yake, hupokea watuhumiwa wanaopelekwa kwa amri ya mahakama ili wachunguzwe akili. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai imeweka siku 42 za kuwasilisha taarifa ya uchunguzi huo, nayo husainiwa na daktari. Katika uchunguzi wa namna hii, afisa ustawi wa jamii hutafuta historia ya mhusika: alilelewa na nani, aliishije na majirani, na kama ndugu zake wako tayari kumpokea. Mwanasaikolojia hupima kumbukumbu, fikra na hisia kwa vipimo maalumu, na hutoa tiba ya mazungumzo. Kuandika dawa hubaki kwa daktari.

Tofauti hiyo huonekana hata katika dodoso fupi. PHQ-9, lenye maswali tisa kuhusu dalili za sonona katika wiki mbili zilizopita, linapatikana kwa Kiswahili na alama zake hufikia 27. Afisa aliyefunzwa anaweza kuliuliza vizuri kijijini Chamwino au Bahi. Hata hivyo, alama 15 peke yake si utambuzi wa ugonjwa. Mjane aliyefiwa majuzi, mkulima ambaye mtama wake umekauka na mgonjwa wa sonona ya miaka kumi wanaweza kupata alama zilezile. Kuzitenganisha hali hizo ndiko kunakosomewa. Ikumbukwe pia kwamba mzee anayeeleza huzuni yake kwa Kigogo huenda asilitumie neno lolote lililomo katika dodoso. Hapo, aliyezoea kukaa barazani na familia za vijijini ana mtaji ambao darasa halitoi.

Kuhusu masomo, mwenye stashahada ya ustawi wa jamii hana budi kupata kwanza shahada. Mwenye shahada huweza kuangalia programu za uzamili, ikiwamo ya saikolojia tiba katika Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili, Dar es Salaam. Sifa za kujiunga zisomwe kwa makini, hasa kuhusu masomo ya saikolojia aliyoyapitia mwombaji katika shahada ya kwanza. Vilevile, shahada ya saikolojia ya elimu na ya saikolojia tiba zisichukuliwe kuwa kitu kimoja. Kabla ya kulipa ada, mwombaji aulize kama programu ina mafunzo ya vitendo hospitalini chini ya msimamizi, athibitishe ithibati yake kwa Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, na aulize masharti ya usajili kwa Baraza la Madaktari Tanganyika, linalosimamia pia wataalamu wa afya shirikishi kwa Sheria Na. 11 ya mwaka 2017. Anayetaka kufanya kazi Kenya atambue kuwa nchi hiyo ina sheria yake mahususi ya washauri nasaha na wanasaikolojia, ya mwaka 2014.

Kwa mtumishi wa umma, ugumu mara nyingi haupo chuoni bali hujitokeza anaporejea. Kubadilishiwa kada hutegemea muundo wa utumishi na nafasi iliyotengwa katika ikama. Halmashauri isiyo na nafasi ya mwanasaikolojia haiwezi kumpa cheo hicho kwa sababu tu amehitimu. Huenda pia akaanzia cheo cha chini katika kada mpya. Aidha, ataacha majukumu aliyokabidhiwa na Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, kama vile kuandaa taarifa za uchunguzi wa kijamii kwa ajili ya mahakama. Ni busara kumwandikia mwajiri na kupata jibu la maandishi kabla ya kuondoka.

Katika kipindi chote cha masomo, mhusika anaendelea kutambulika kwa cheo chake cha awali. Cheti cha warsha ya unasihi ya siku chache hakimpi haki ya kuandika "mwanasaikolojia" mlangoni pa ofisi yake.