Jenerali Northey na Mabega ya Wapagazi

Hapa Masoko, kando ya ziwa la kreta, Wajerumani waliweka Kombania yao ya 5. Mei 1916, katika Vita vya Kwanza vya Dunia, Brigedia Jenerali Edward Northey wa Uingereza alivuka mpaka wa koloni lao kutoka kusini, akaitwaa Tukuyu, wakati huo Neu Langenburg. Wapo watakaosema ushindi ulikuwa wa mbinu zake. Mbinu alikuwa nazo, kweli, lakini milima hii haikuwa na reli: unga na risasi vilipanda kwa mabega ya wapagazi, tengatenga, waliokufa kwa maelfu katika vita hivyo, wengi kwa maradhi. Ushindi ni wao kwanza. Northey alifanywa gavana wa Kenya ya leo, na waraka wake wa 1919 ukawataka machifu wahimize watu wao kufanya kazi katika mashamba ya walowezi.