Limfoma ya plazmablasti: saratani ya kinywani inayofanana na mayeloma

Limfoma ya plazmablasti ni saratani adimu ya chembe nyeupe za damu. Ilielezwa kwa mara ya kwanza mwaka 1997, ikiwa kinywani mwa wagonjwa ambao karibu wote walikuwa na virusi vya ukimwi (VVU). Huweza pia kutokea tumboni au kwenye ngozi, na kuwapata wasio na VVU ambao kinga yao imedhoofika, wakiwemo wazee na waliopandikizwa figo.

Uvimbe wa fizi au utaya hukua upesi, na mara nyingi mgonjwa hudhani ni jipu la jino. Kuutambua, kipande kidogo cha nyama hukatwa na kupelekwa maabara.

Hapo ndipo penye utata. Kwenye hadubini, seli zake hufanana mno na za mayeloma, saratani ya uboho wa mifupa. Zote mbili huwa na alama ya CD138, na kwa kawaida hukosa CD20, alama inayotambulisha limfoma nyingi. Kwa hivyo mtaalamu hutazama mambo mengine:

- Mayeloma: mifupa iliyolika, figo kudhoofika, kalsiamu kupanda, upungufu wa damu, na protini isiyo ya kawaida kwenye damu au mkojo.
- Limfoma hii: VVU au kinga dhaifu, uvimbe nje ya mifupa, na mara nyingi virusi vya Epstein-Barr ndani ya seli za saratani.

Hakuna dalili moja inayotosha peke yake.

Kutofautisha ni muhimu kwa sababu matibabu hayafanani. Limfoma hii huenda mbio na huhitaji kemotherapi kali mapema, huku mwenye VVU akiendelea na ARV. Dawa ya rituximab, inayotumika kwa limfoma nyingi, hushika CD20. Pasipo alama hiyo haina pa kushika.

Basi ndugu msomaji, kidonda au uvimbe wa kinywani usiopona kwa wiki mbili, au pengo la jino lililong'olewa linaloota nyama, usikae nalo nyumbani. Na ukiwa na VVU, usimfiche daktari wa meno kwa kuona haya. Habari hiyo ikiandikwa kwenye fomu ya maabara, ndiyo inayoweza kumwelekeza mtaalamu kwenye ugonjwa wenyewe.