Stuart Levy: Mtafiti wa Virusi vya Saratani ya Damu Aliyefichua Njia za Usugu wa Bakteria

Miongoni mwa wanasayansi ambao kazi zao zimeweka msingi wa mapambano ya sasa dhidi ya usugu wa vimelea kwa dawa, jina la Stuart Levy hutajwa mapema. Daktari huyo na mtaalamu wa mikrobiolojia alizaliwa tarehe 21 Novemba, 1938 katika mji wa Wilmington, jimbo la Delaware nchini Marekani, akiwa mtoto wa daktari wa familia. Pacha wake, Jay Levy, naye alikuwa mtafiti wa virusi, na ni mmoja wa wanasayansi wa kwanza kutenga Virusi vya UKIMWI katika maabara mwanzoni mwa miaka ya 1980.

Stuart Levy alihitimu udaktari katika Chuo Kikuu cha Pennsylvania mwaka 1965, na kuanzia mwaka 1971 alifundisha na kufanya utafiti katika Chuo Kikuu cha Tufts, mjini Boston. Huko aliendesha kwa pamoja kazi mbili ambazo kwa mtazamo wa haraka hazina uhusiano. Ya kwanza ilihusu virusi vinavyosababisha saratani ya damu kwa panya. Virusi hivyo huitwa virusi vya Friend, kwa jina la mwanasayansi Charlotte Friend aliyevieleza mwaka 1957, wakati ambapo wataalamu wengi walikuwa bado wakikataa kwamba virusi vinaweza kuleta saratani kwa wanyama wanyonyeshao. Maabara ya Levy ilichunguza mabadiliko ya seli za damu za panya walioambukizwa, hatua kwa hatua kadiri ugonjwa unavyokua.

Kazi ya pili ilihusu bakteria wasiosikia dawa. Yeyote aliyewahi kuuguza mgonjwa wa saratani ya damu anafahamu mahali kazi hizo mbili zinapokutana. Ugonjwa wenyewe, pamoja na dawa za kuutibu, hupunguza chembe nyeupe za damu ambazo ndizo askari wa mwili. Mgonjwa wa namna hiyo hutegemea viuavijasumu, yaani antibiotiki, ili avuke kipindi cha matibabu. Dawa hizo zikishindwa, anaweza kufariki kwa maambukizi hata kama saratani yake imeanza kurudi nyuma.

Hamu ya Levy kuhusu usugu ilikuzwa nchini Japani. Katika miaka ya 1950, madaktari wa nchi hiyo walikuta bakteria wa ugonjwa wa kuhara damu waliokuwa sugu kwa dawa kadhaa kwa mara moja, na watafiti wakabaini kwamba usugu huo unaweza kuhamishwa kutoka bakteria mmoja hadi mwingine, hata wa aina tofauti. Kinachohama ni kipande kidogo cha vinasaba kiitwacho plasmidi. Levy, akiwa bado mwanafunzi wa udaktari, alikwenda Tokyo kufanya kazi na Tsutomu Watanabe wa Chuo Kikuu cha Keio, aliyeufahamisha ulimwengu wa nje kuhusu matokeo hayo.

Utafiti uliompa umaarufu haukufanyika hospitalini. Ulifanyika katika banda la kuku. Tangu miaka ya 1950, wafugaji wa Marekani walikuwa wakichanganya viuavijasumu kwa kiwango kidogo katika chakula cha mifugo ili wanyama wakue haraka, na wenye viwanda walisisitiza kwamba jambo hilo halina athari kwa binadamu. Katikati ya miaka ya 1970, Levy na wenzake walichukua kuku wapatao 300 katika shamba moja la familia jimboni Massachusetts. Nusu ya kuku hao walipewa chakula chenye oksitetrasaikilini, na nusu nyingine chakula cha kawaida. Kisha sampuli za kinyesi cha kuku, za watu waliokuwa wakiishi shambani na za majirani zilichukuliwa kila wiki.

Matokeo yalichapishwa mwaka 1976 katika jarida la New England Journal of Medicine. Ndani ya wiki moja, karibu bakteria wote wa matumbo ya kuku waliopewa dawa walikuwa sugu kwa tetrasaikilini. Kwa watu wa shamba mabadiliko yalikuja polepole zaidi, lakini yalikuja: ilipofika miezi mitano hadi sita, asilimia 31.3 ya sampuli zao zilikuwa na bakteria ambao zaidi ya asilimia 80 yao walikuwa sugu. Kwa majirani, sampuli za aina hiyo zilikuwa asilimia 6.8 tu. Watu hao wa shambani hawakuwa wakinywa dawa hiyo. Jambo zito zaidi ni kwamba bakteria hao walibeba plasmidi zenye usugu kwa dawa nyingine pia, ambazo kuku hawakuwahi kulishwa.

Ushahidi huo haukubadili sheria haraka. Mwaka 1977 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, FDA, ilipendekeza kuzuia penisilini na tetrasaikilini katika chakula cha mifugo, lakini pendekezo hilo lilikwama kwa miongo kadhaa. Umoja wa Ulaya ulipiga marufuku viuavijasumu vya kukuzia mifugo mwaka 2006. Marekani ilisitisha matumizi hayo kwa dawa muhimu kwa binadamu mwaka 2017, miaka 41 baada ya utafiti wa shamba lile.

Katika maabara, mwaka 1980 kundi la Levy lilionesha jinsi bakteria wanavyoikwepa tetrasaikilini: huisukuma nje ya seli kwa pampu maalumu, mithili ya mtu anayeteka maji na kuyamwaga nje ya mtumbwi unaovuja. Mwaka 1998 kundi hilo lilibaini kwamba triklosani, kemikali iliyotiwa kwenye sabuni za "kuua vijidudu", hushambulia sehemu mahususi ya bakteria, hivyo nayo inaweza kuzalisha usugu. FDA iliiondoa katika sabuni za kunawia za majumbani kwa uamuzi wa mwaka 2016.

Levy alisisitiza kwamba viuavijasumu ni dawa za jamii nzima, kwa kuwa namna mtu mmoja anavyovitumia huathiri nguvu yake kwa jirani. Mwaka 1981 alianzisha shirika la kimataifa la kuhimiza matumizi sahihi ya dawa hizo, APUA.

Kwa wananchi wa Tanzania suala hili si la mbali. Oksitetrasaikilini ni miongoni mwa dawa zinazotumiwa sana na wafugaji wa kuku nchini. Mpango wa Taifa wa kupambana na Usugu wa Vimelea Dhidi ya Dawa (UVIDA) wa mwaka 2017 hadi 2022, na ule uliofuata wa 2023 hadi 2028, inahusisha sekta ya afya pamoja na ya mifugo, kwa sababu ile ile iliyoonekana katika banda la Massachusetts. Mfugaji anatakiwa kupata ushauri wa daktari wa mifugo kabla ya kuwapa kuku dawa, na kuzingatia siku za kusubiri kabla ya kuuza mayai au nyama. Duniani, watafiti walikadiria kuwa vifo milioni 1.27 vya mwaka 2019 vilisababishwa moja kwa moja na bakteria sugu.

Levy alifariki dunia Septemba 2019. Miezi 11 kabla ya kifo chake, FDA ilikuwa imeidhinisha omadasaikilini, dawa ya jamii ya tetrasaikilini iliyotengenezwa na kampuni aliyoishiriki kuianzisha mwaka 1996, na iliyobuniwa ili isitolewe nje na pampu zile alizozigundua.