Gates of the Arctic: Majira na Maandalizi ya Safari

Hifadhi hii ya Alaska, iliyoanzishwa mwaka 1980, haina barabara wala njia zilizochongwa. Wageni wengi huingia kwa ndege ndogo.

Majira. Katikati ya Juni jua halizami, na mbu hujaa mabondeni. Agosti huwa na mvua nyingi. Kijito cha kifundoni asubuhi chaweza kufika kiunoni jioni. Theluji huweza kuanguka mwezi wowote.

Jiandae. Vaa sufu, si pamba, kwani pamba ikilowa haikupi joto. Beba koti la mvua, chandarua cha kichwa na chombo cha chakula kisichofunguliwa na dubu. Ongeza akiba ya siku kadhaa: ukungu huchelewesha ndege. Simu za mkononi hazishiki mtandao. Mwachie mtu ratiba yako.